Distribyuta au koili kwa kila silinda: tuliyojifunza kwenye injini za Toyota za miaka ya 90

Koili ndiyo inayopandisha volti za betri hadi cheche iruke kwenye plagi, na distribyuta inagawa umeme wa koili moja kwa plagi zote kwa zamu. Ukitaka kulinganisha distribyuta na koili za kila silinda bila ushabiki, anza na familia ya JZ ya Toyota, injini za silinda sita. Muundo wa msingi ni mmoja na mpangilio wa kuwasha ni uleule, 1-5-3-6-2-4, lakini kiwanda kilitoa mifumo mitatu. 2JZ-GE isiyo na turbo, kabla ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu), ina distribyuta, kofia yake na waya za plagi. 2JZ-GTE ya turbo ina koili sita, moja juu ya kila plagi, na ignita, yaani swichi ya kukata mkondo wa koili, pembeni. Ilipokuja VVT-i, 2JZ-GE ikapewa koili tatu, kila moja ikihudumia silinda mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. 1JZ-GTE ilianza na koili sita, kisha toleo la VVT-i nalo likashuka hadi tatu. Kwa hiyo anayesema koili nyingi daima ni maendeleo ana jambo la kueleza hapo. Nissan nao waliipa RB26DETT ya Skyline GT-R koili sita tangu 1989, miaka ambayo magari mengi ya kawaida ya Japani bado yalikuwa na distribyuta.

Magari haya yapo mitaani kwetu. Mark II, Chaser, Crown na Aristo zilishuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimetumika Japani, na leo kila wiki kuna mtu gereji anauliza: niitoe distribyuta niweke koili? Jibu letu huanza na swali lingine: hiyo distribyuta uliyonayo umeitengeneza lini mara ya mwisho?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua. Koili haitoi cheche kwa sababu tu ina umeme. Lazima ichajiwe kwa muda fulani, kisha mkondo ukatwe ghafla. Koili nyingi za kisasa zinataka kama milisekunde 3 zikiwa na volti 14. Injini ya silinda sita yenye distribyuta na koili moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 300 kwa sekunde, yaani koili ina milisekunde 3.3 tu kati ya cheche na cheche. Ndani ya muda huo huo cheche yenyewe inawaka kwa milisekunde 1 hivi, kwa hiyo za kuchaji zinabaki 2 na kidogo. Ukiwa na koili sita, kila moja ina milisekunde 20. Ukiwa na koili tatu, kila moja ina 10. Hata hizo 10 ni nyingi kuliko inavyohitaji, na ndiyo maana Toyota hawakuona tabu kurudi kwenye tatu.

Kwa silinda nne hali ni nafuu. 4A-GE ya Corolla ikizunguka mara 7,500 inaipa koili yake moja milisekunde 4. Ndiyo sababu Corolla za AE86 na AE101 zenye distribyuta nzima hupanda hadi mwisho wa rev (kasi ya mizunguko ya injini) bila kumisi, na ndiyo sababu 3S-GTE ya Celica GT-Four ST185 ilitoka kiwandani na turbo, intakula na distribyuta, na wala haikuwa gari dhaifu. V8 yenye koili moja ndiyo inayoteseka kweli, kwa sababu kwenye 6,000 imebaki na milisekunde 2.5.

Jambo la pili ni presha. Umeme unaruka gepu ya plagi kwa shida zaidi kadiri hewa iliyobanwa ndani ya silinda inavyokuwa nzito. Ukiongeza busti, yaani presha ya hewa ya turbo, volti inayohitajika inapanda. Koili ikishindwa, umeme unatafuta njia rahisi zaidi: kwenye ufa wa kofia, kwenye waya uliochoka, au kwenye kauri ya plagi kwa nje. Hapo gari linakata juu, kwenye busti, huku sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, linatulia kama halina tatizo. Mafundi wengi hukimbilia pampu ya mafuta. Punguza gepu kwanza. Plagi ya kiwandani ina gepu ya mm 1.1 kwenye injini nyingi za hizi. Ukiweka turbo kwenye 2JZ-GE na kuacha distribyuta, anza na gepu ya mm 0.8, na ukifika busti ya bar 0.7 hivi shuka hadi mm 0.7. Kama kumisi kumeondoka baada ya kupunguza gepu, tatizo lilikuwa moto wa plagi, si mafuta. Jaribio hilo linagharimu fila (kipimo cha gepu) na nusu saa. Usishuke chini ya 0.6 kwa gari la barabarani, kwa sababu sailensa itaanza kuyumba na asubuhi litawaka kwa shida.

Sasa distribyuta yenyewe. Tukiifungua iliyochoka, karibu kila mara tunakuta mambo yaleyale. Ncha za shaba au alumini ndani ya kofia zina unga mweupe au kijani. Kitufe cha kaboni katikati kimelika au kimekwama na springi yake haisukumi. Ncha ya rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya kofia kugawa umeme, imeungua pembeni. Kuna mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli, kutoka ncha moja kwenda nyingine, na huo ndio njia ya umeme unaovuja. Kofia yenye mstari huo haisafishwi, inatupwa. Kuukwangua kwa sandpepa kunachelewesha tu, kwani kaboni imeshaingia ndani ya plastiki.

Oili ndani ya kofia ni habari nyingine. Distribyuta ina o-ringi kwa nje, inapoingia kwenye hedi, na ina sili kwenye shafti kwa ndani. O-ringi ikichoka oili inatiririka nje juu ya gia boksi, unaiona. Sili ya shafti ikichoka oili inaingia kwenye kofia, huioni mpaka ufungue. Watu wanabadilisha o-ringi, wanasema wamemaliza, na baada ya mwezi rota imelowa tena.

Kwa vipimo: kila waya wa plagi usizidi kiloomu 25, mwisho hadi mwisho ukiwa na mita ya kawaida, na ukunje waya unapopima kwa sababu mwingine hukatika ukikunjwa tu. Gepu kati ya meno ya rota ya sensa na pikapu (sensa inayosoma meno hayo) ndani ya distribyuta za Toyota ni mm 0.2 hadi 0.4, na hupimwa kwa fila ya shaba au ya plastiki, kwa sababu ya chuma itavutwa na sumaku ikudanganye. Shika shafti uitikise kwa mkono: ukisikia mchezo wa pembeni, biringi imekwisha, na hapo taiming, yaani wakati wa kutoka cheche, itacheza hata ukiseti mara kumi.

Na usiku, kabla ya kununua chochote, zima taa za gereji, acha injini ikiwa sailensa, kisha nyunyiza maji kidogo ya ukungu kwenye kofia na waya. Ukiona nyuzi za bluu zinatembea umepata jibu. Mikono mbali. Hizo ni kilovolti 20 na zaidi, na mwenye kifaa cha moyo asikaribie kabisa.

Mahali gari linapokaa kuna uzito wake. Pwani, unyevu na chumvi vinaingia ndani ya kofia na asubuhi gari linapiga starta bila kuwaka hadi jua litoke. Nairobi tatizo ni jingine: kwenye mita 1,700 na ushee hewa ina presha ya kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, na hewa nyepesi inaruhusu umeme kuruka kirahisi kati ya ncha na ncha ndani ya kofia. Injini isiyo na turbo haijali sana, kwa sababu hata ndani ya silinda presha imepungua. Lakini gari la turbo linarudisha presha ya silinda kwa busti huku hewa ya ndani ya kofia ikibaki nyepesi. Kofia ambayo ingevumilia Tanga inaweza kuanza kuvusha umeme huko juu. Ukisikia gari linapiga risasi kwenye intaki ukikanyaga, umeme unaenda silinda isiyo yake.

Kuseti taiming kwa distribyuta za Toyota kama 4A-GE na 3S-GTE kuna hatua ambayo watu huiruka. Pasha injini hadi joto la kazi, zima AC na taa. Kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Bila hicho kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaendelea kuchezesha advansi (kuwahisha cheche) na unachokisoma si sahihi. Bana taiming laiti kwenye waya wa silinda ya kwanza, legeza bolti za distribyuta, zungusha hadi alama isome digrii 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), kaza, kisha soma tena kwa sababu kukaza huisogeza. Toa kiwaya na uangalie taiming ikipanda yenyewe. Isipopanda, rudi kwenye nyaya. Fundi anayeseti kwa sikio anaweza kupata sailensa nzuri na bado akawa nje kwa digrii 5, na digrii 5 kwenye injini ya turbo zinatosha kuvunja ringi.

Kuna kosa moja la distribyuta ambalo huja pamoja na kontroli boksi ya kuprogramu. Rota lazima iwe imetazama ncha ya kofia wakati cheche inatoka, iwe advansi ni 10 au 38. Hizo digrii 28 za krenki ni digrii 14 za rota, kwani shafti ya distribyuta inazunguka nusu ya kasi. Mtu akigeuza distribyuta kiholela kisha akarekebisha namba ndani ya kompyuta mpaka taiming laiti iseme 10, alama ziko sawa lakini rota iko katikati ya ncha mbili. Gari linaenda vizuri chini na linamisi juu. Chukua kofia ya zamani, toboa tundu juu ya ncha ya silinda ya kwanza, ifunge, mulika kwa taiming laiti na uone rota iko wapi cheche inapotoka, kwanza sailensa, kisha kwenye advansi kubwa. Ikitoka nje ya ncha, geuza mwili wa distribyuta na usahihishe namba kwenye kompyuta kwa kiasi kilekile.

Haya, koili kwa kila silinda. Faida yake ya kwanza tumeiona: muda wa kuchaji. Ya pili, hakuna kofia, rota wala waya mrefu. Ya tatu, kila silinda inaweza kupewa taiming yake. Ya nne ndiyo sisi tunaithamini zaidi barabarani: ikifa koili moja, gari linarudi nyumbani kwa silinda tano, ilhali koili ya distribyuta ikifa unaita breakdown. Ingawa, ukirudi nyumbani hivyo, chomoa soketi ya injekta ya silinda hiyo. Mafuta yasiyoungua yanaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuchoma katalaiza.

Kubaini koili mbovu ni rahisi mno: ihamishie silinda nyingine. Kumisi kukihama nayo, ni koili. Kukibaki palepale, tazama plagi, kisha soketi, kisha injekta. Soketi za magari haya zimekuwa kavu kama majani ya kiangazi. Klipu inavunjika ukiigusa, soketi inakaa nusu, na mtu ananunua koili mpya wakati alihitaji soketi ya bei ndogo. Zipashe joto kidogo kabla ya kuchomoa.

Koili hizi zinakaa kwenye joto la hedi, na maadui wake ni joto, oili na maji. Gasketi ya kava ya valvu ikivuja, oili inajaa kwenye tundu la plagi, mpira wa koili unalainika na kuvimba, kisha umeme unapita nje ya kauri ya plagi na kuacha mstari wa kahawia au mweusi. Hapo badilisha sili za matundu, mipira na plagi kwa pamoja. Ukibadilisha koili peke yake, mpya itakufa kwa ugonjwa uleule. Maji yanatoka kwa waosha injini kwa pampu ya presha. Toa koili, pulizia matundu kwa kompresa, kausha, rudisha na grisi kidogo ya silikoni ndani ya mpira. Plagi zenyewe zifunge injini ikiwa baridi, Nm 18 hivi kwenye hedi hizi za alumini. Nyuzi za hedi zikichomoka, habari ya koili inakuwa ndogo.

Kwa wenye koili tatu za VVT-i: plagi moja ya kila jozi inapokea umeme kwa mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo inalika upande usiouzoea. Weka plagi zenye platinamu pande zote mbili. Na msisahau kwamba bado mna waya wa plagi. Kumisi kwa silinda mbili za jozi moja ni koili, kumisi kwa moja tu mara nyingi ni waya au plagi.

Sasa kubadilisha kutoka distribyuta kwenda koili. Kontroli boksi ya kiwandani ya injini ya distribyuta ina waya mmoja tu wa kuamuru cheche, IGT, na inasubiri jibu kwa waya wa IGF. Ikikosa IGF inakata mafuta: injini inawaka sekunde moja na kuzima, na kwenye Toyota za wakati huo utapata kodi ya hitilafu namba 14. Kwa hiyo kufunga koili juu ya plagi na kuacha kompyuta ileile hakukupi chochote. Unahitaji kompyuta ya kuprogramu yenye njia za cheche nne kwa silinda nne au sita kwa silinda sita. Zikiwa nusu yake unaweza kuendesha kwa jozi, na kama tulivyoona hesabu bado inaruhusu.

Kipande kinachosahaulika ni sensa. Distribyuta ya 2JZ-GE au 3S-GTE haisambazi umeme tu. Ndani yake kuna meno 24 ya sensa iitwayo NE na jino la ile iitwayo G, na humo ndimo kompyuta inajua krenki iko wapi. Meno 24 kwenye shafti ya nusu kasi ni jino moja kila digrii 30 za krenki, tena kupitia mkanda wa taiming na kiungo chenye mchezo. Kuyumba kwa digrii 2 au 3 si ajabu. Ukifunga gurudumu la meno 36 pungufu 1 kwenye puli ya krenki unapata jino kila digrii 10, bila mkanda katikati. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya sifa ambazo watu huzipa koili mpya inatoka hapa, na sehemu nyingine inatoka kwa plagi na waya vilivyochoka ambavyo viliondolewa siku hiyohiyo. Mwenye bajeti ya kitu kimoja tu anunue gurudumu la krenki kabla ya koili.

Mwili wa distribyuta usiutupe. Toa rota, ziba juu kwa kifuniko cha alumini, uuache utoe alama ya G ili kompyuta ijue ni mzunguko wa kubana au wa kutoa moshi. Kwenye AE86 inayowekewa 4A-GE ya valvu 20, kuuacha pale ulipo hakuwezekani, kwa kuwa distribyuta iko nyuma ya hedi na inagonga ukuta wa kabini. Ama ukate ukuta, ama uhamishe distribyuta kwa kiti maalumu, ama uhamie koili. Hapo hata sisi tunasema koili bila kubishana.

Koili zipi? Zile za Denso zenye nyaya nne na ignita ndani, za injini za Toyota 1NZ au 1ZZ, zinapatikana Gerezani Kariakoo na Kirinyaga Road Nairobi kwa sababu Vitz na Premio zimejaa. Nyaya zake ni umeme wa +12, athi, IGT na IGF. Anza na muda wa kuchaji wa milisekunde 2.5 hadi 3 kwenye volti 14 na uongeze kadiri volti inavyoshuka, kwa sababu betri inapopiga starta inaweza kushuka hadi 10. Ukizidisha muda ukidhani unaongeza nguvu, koili inajaa, ziada yote inakuwa joto, na ignita ya ndani inaungua. Feki zinajulikana kwa uzito mdogo na mpira unaochanika kwa kucha, na zinapita mtihani wa sailensa bila shida. Zijaribu kwenye busti.

Nyaya: relei ya peke yake, fyuzi ya ampia 20 kwa koili sita, waya wa mm² 2.5 kwenda kwenye koili, na kondensa ya kupunguza kelele kwenye umeme wa koili. Athi ya koili iende kwenye hedi. Usiiunge na athi ya sensa. Ukifanya hivyo kompyuta itasoma kelele kama meno ya krenki na rev itaruka yenyewe. Waya wa sensa ya krenki uwe wa shildi (ganda la chuma la kuzuia kelele za umeme) na shildi ifungwe upande wa kompyuta peke yake. Tumia plagi zenye rezista, zenye herufi R. Plagi za mashindano zisizo na R zimesumbua kompyuta nyingi.

Ukimaliza, usiendeshe kabla ya kuhakiki. Chomoa injekta, funga taiming kwenye kompyuta iwe digrii 10 isiyobadilika, weka waya wa muda kati ya koili ya kwanza na plagi yake ili taiming laiti ipate pa kubana, piga starta na usome. Rudisha injekta, soma sailensa, kisha soma kwenye 4,000. Ikisoma 10 kila mahali, endelea. Ikiteleza kadiri rev inavyopanda na sensa yako ni ya sumaku, geuza nyaya zake mbili, imeungwa kinyume. Kosa hilo haligunduliki sailensa, na ndilo linalotoboa pistoni juu ya 5,000.

Lini tunamwambia mtu aache distribyuta yake? Gari lisilo na turbo, au lenye busti ya kiwandani, rev chini ya 7,500, na kofia, rota na waya vya asili bado vinapatikana: tengeneza ulichonacho, badilisha kofia na rota pamoja, lala. Busti ikikaribia bar 1 na gepu imeshashuka hadi 0.7 na bado linakata juu, au tayari unafunga kompyuta ya kuprogramu kwa sababu nyingine, au kofia mpya unayoipata ni feki tupu: hapo hamia koili, na uanze na krenki.